Hironimus Fidelisi Mbawala, Mzee Asiyefagia Uwanja

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padre, wazee wetu shikamooni, majirani wa Maposeni na ninyi mliotoka Songea mjini, poleni na safari, poleni na msiba. Mimi ni Beata, mtoto wa kwanza wa marehemu. Ndugu zangu wamenichagua nisome kwa sababu, wanasema, nina sauti kubwa na silii ovyo. Wasifu huu niliuandika mara mbili. Wa kwanza niliumaliza Jumanne jioni, ulikuwa mfupi na safi kabisa. Jana asubuhi nilizungumza na Mzee Abuu, nikauchana na kuanza upya. Huu mlio nao mkononi ni wa pili, na kama una makosa ya chapa, kosa ni langu, niliuchelewesha.

Marehemu alizaliwa tarehe 30 Septemba 1956 hapa hapa Maposeni, mtoto wa nne wa Mzee Fidelisi Mbawala na mkewe Beata, ambaye jina lake nimelirithi mimi. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Hironimus, kwa hiyo hakuna aliyeumiza kichwa kutafuta jina. Walioumia ni makarani. Katika vyeti vya Baba jina lake limeandikwa kwa namna tatu, na yeye aliitikia zote.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 na kumaliza la saba mwaka 1971. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila kuna siku moja alijulikana shule nzima. Akiwa darasa la tatu, mwalimu aliwaambia wachore panya. Baba alichora mnyama mwenye miguu mirefu myembamba, vidoa mgongoni, na pua ndefu iliyotoka hadi ukingoni mwa karatasi. Mwalimu akamuuliza panya gani mwenye mkonga. Baba akajibu, "Huyu si panya, mwalimu. Panya nimeshindwa kumchora, nimechora sange." Alichapwa viboko viwili, kimoja cha panya na kimoja cha sange. Alikuwa akitusimulia habari hii huku akicheka, na kila akiimaliza alisema kwamba cha pili hakukistahili.

Niseme kidogo juu ya sange, maana Baba asingekubali nipite bila kusema, na wengi wenu hamjamwona. Ni mnyama wa msituni, ukubwa wake kama sungura mdogo. Mgongo wake una rangi ya kutu, na vidoa vimepangwa kama ubao wa drafti. Hachimbi shimo na hapandi mti. Maisha yake yote yamo kwenye majani makavu yaliyoanguka chini. Mchana anatembea akiyapekua kwa ile pua, akitafuta mchwa, jongoo, buibui na wadudu wengine. Usiku analala chini ya hayo hayo majani: anakwangua kishimo kifupi kama sahani, anakitandika, halafu anajifunika juu mpaka ukipita hapo huoni kitu ila majani. Kitanda anakitengeneza alfajiri, majani yakiwa bado yana umande, ili yasipige kelele. Na hana kitanda kimoja. Anavyo kadhaa, leo analala hapa, kesho pale, adui asimzoee. Akishtuka hupiga mkia kwenye majani, pa, pa, pa, kisha anaruka na kutoweka. Wengine hapa kwetu humwita panya wa porini. Mlikuwa mkimkera Baba, sasa hivi naweza kuwaambia.

Baada ya shule marehemu alilima mahindi na baba yake, akafuga nyuki, na mwaka 1981 akachukuliwa kuwa mlinzi wa msitu wa Lihangweni, huo mnaouona nyuma ya nyumba, unaofuata kijito. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano hadi alipostaafu mwaka 2016. Mwaka 1988 aliletewa msaidizi kutoka Tunduru, kijana wa Kiyao, ndiye huyu Mzee Abuu aliyekaa pale mbele na kofia yake. Walishinda pamoja msituni zaidi kuliko walivyoshinda na wake zao. Mwezi wa Ramadhani Baba alikuwa hali mchana mbele ya mwenzake, na siku ya Krismasi Mzee Abuu ndiye aliyepita msituni peke yake ili Baba akae nyumbani.

Tarehe 8 Oktoba 1983 marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Ekaristia Komba. Mungu aliwajalia watoto watatu: mimi, Emiliani na Aidan. Kuhusu ndoa hii Mama ameniruhusu niseme jambo moja. Sange dume na jike wakishaungana hawaachani hadi kifo. Wanalinda eneo moja, dume anafukuza madume wageni na jike anafukuza majike. Lakini hawaongozani njiani, na kila mmoja analala kitanda chake. Baba alikuwa akitoka alfajiri kabla Mama hajaamka na kurudi jioni kwa njia nyingine. Watu wakimuuliza Mama mumewe yuko wapi, alikuwa anajibu, "Mimi nimeolewa na sange. Yupo, ila sijui yuko wapi." Walikaa hivyo miaka arobaini na moja, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombana.

Sasa nafika pale ambapo katika wasifu wa kwanza niliparuka.

Mwezi wa Agosti mwaka 2005 alikuja hapa binti mmoja wa Kilwa, Mwanahawa, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alitaka kusoma habari za sange, na mkuu wa misitu akamwelekeza kwa Baba. Alikaa kwetu miezi minne, akilala chumba kimoja nami. Baba alimtembeza Lihangweni yote, akamwonyesha vitanda kumi na kimoja vilivyokuwa vinatumika, na binti yule akaviandika kimoja kimoja. Sijawahi kumwona Baba akiwa na furaha kama miezi ile. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa alikuwa anarudi nyumbani akisimulia aliyoulizwa na aliyojibu, kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Mwanahawa alirudi chuoni, na mwaka uliofuata akaandika barua kwamba walimu wake watakuja na wageni kutoka nje kuwaona sange. Wangefika tarehe 22 Juni 2006.

Ndugu zangu, mnajua kwetu mgeni anapokelewaje. Kabla ya kupika, kabla ya kuoga, unafagia. Mke asiyefagia uwanja hasemwi na majirani tu, anasemwa hadi na wakwe zake. Mimi nilikuwa nikiamshwa saa kumi na moja nikafagie, na mistari ya ufagio ilitakiwa ionekane. Basi Baba, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa wageni wale, aliita watu arobaini, wakaja na mafagio, majembe na reki, wakaufagia msitu. Walifagia siku mbili, kuanzia barabarani hadi kijitoni, eneo lote lenye vitanda. Majani waliyachoma.

Msidhani alikuwa mjinga. Vitanda alivijua kuliko mtu yeyote, na aliwaamuru watu wavizunguke. Walipomaliza, vile vilundo kumi na kimoja vilibaki vimekaa kwenye udongo mweupe, kila kimoja peke yake, na Baba alipita akivihesabu, akaridhika. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilikuwa na ufagio, na niliona pamependeza.

Wageni walifika, na waliwaona sange. Tena waliwaona vizuri mno. Wawili walikimbia mbele yao kwenye uwanda ule mtupu, hawana pa kujificha, na wageni wakapiga picha na makofi. Wakamshika Baba mkono mmoja baada ya mwingine. Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Mwanahawa alikuwa amechuchumaa pembeni ya kilundo, akamwita kwa sauti ya chini.

"Baba, majani yako wapi?"

"Tumeyatoa yote, mwanangu. Mpite vizuri."

"Tumewaona sana, Baba," alisema. "Na mwewe naye atawaona."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Haikuhitajika. Kufikia mwezi wa Oktoba, mwewe na mbwa wa wawindaji walikuwa wamemaliza kazi, na wadudu wenyewe walikuwa wamehama pamoja na majani. Baba aliendelea kupita kila siku akihesabu. Vitanda saba, vitatu, kimoja. Siku aliyokuta hata hicho kimoja kimepoa alirudi nyumbani saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachukua ufagio wa uani kwa Mama, akauvunja na kuuweka jikoni uwe kuni. Akasema katika nyumba hii hapafagiwi nje tena.

Na hapakufagiwa, miaka kumi na tisa. Mwanahawa alimwandikia kwamba sange havuki mahali peupe, na kwamba msitu ukiachwa hujijaza majani wenyewe, ila polepole. Barua hiyo iko kwenye kitabu chake cha nyimbo. Baba aliuacha msitu, akauacha na uwanja wetu pia, ili majani ya Lihangweni na ya mparachichi wetu yakutane. Mama alivumilia maneno mengi. Mimi sikuvumilia. Nilipoolewa na kuhamia Msamala, Songea mjini, nilipofungua duka la vitenge Mfaranyaki, nilikuwa naona aibu kumleta mtu hapa. Wakwe zangu walipokuja mara ya kwanza, niliwadanganya kwamba Mama anaumwa mgongo. Watoto wa shule walimwita Babu Majani. Nilimwambia Baba mara nyingi kwamba anatuaibisha, na kila mara alinijibu jibu moja, "Subiri, mwanangu. Watakuja."

Tarehe 9 Machi mwaka huu, Jumapili, baada ya misa ya kwanza, marehemu alipata kiharusi. Alilazwa wiki tatu, na madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo, tunawashukuru sana. Aliporuhusiwa nilimchukua yeye na Mama kwangu Msamala ili awe karibu na kliniki. Mkono na mguu wa kulia havikurudi, lakini maneno yalirudi kidogo kidogo. Mwezi wa Mei akaanza kuomba arudishwe Maposeni. Siku moja nikimlisha uji aliniambia, "Nimesikia mkia, nyuma ya jiko." Nikamuuliza jiko lipi. Akasema, "Letu." Nilidhani ni ugonjwa unaosema. Nilimfuta mdomo, nikamwambia ndiyo, Baba.

Tulipanga arudi Jumapili tarehe 1 Juni. Jumamosi nilitangulia kuja kuandaa nyumba, nikaja na wanawake wawili ninaofanya nao kazi dukani na mafagio matatu mapya. Nilijiambia mgonjwa hawezi kuletwa mahali kama pale, atateleza, ataumwa na nyoka. Hayo yalikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilijua watu watakuja kumwona, na nilikuwa nimechoka kuona aibu. Tulifagia toka saa mbili hadi saa saba.

Chini ya mparachichi, nyuma ya jiko, ufagio wangu ulikuta kilundo. Kilikuwa cha mviringo, juu kikavu, ndani kibichibichi, chini yake pana kishimo kifupi kama sahani, kimetandikwa majani yaliyosagwa laini. Hapakuwa na kitu ndani. Ndugu zangu, nimefundishwa kitanda cha sange kabla sijafundishwa kusoma. Nilisimama pale na ufagio mkononi, nikakitambua. Halafu mmoja wa wale dada akaniita akisema, "Mama Neema, pale bado pachafu," nikapiga ufagio. Sina maelezo mengine. Mkono ulikuwa umeshaanza kazi. Tukayachoma yote.

Jumapili Baba alishushwa kwenye gari, tukamkalisha barazani kwenye kiti chenye mito. Aliutazama uwanja wote taratibu, kisha akageuza shingo hadi alipoweza kuuona mparachichi, akatazama chini yake muda mrefu. Mama alikuwa ameshika bega lake. Nikamuuliza, "Baba, pamependeza?"

Akasema, "Asante, mwanangu. Pamekuwa peupe."

Siku tisa zilizofuata aliomba kila asubuhi aketishwe upande ule wa jiko. Mzee Abuu alikuwa anakuja kukaa naye. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa hapo kitini na Mama pembeni yake, marehemu aliaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na nane, miezi minane na siku kumi na moja.

Jana asubuhi nilimfuata Mzee Abuu alipokuwa amekaa na wazee wengine, nikamwita pembeni nikamwambia nilichokuta chini ya mparachichi. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka angalau mtu mmoja ajue kabla hatujazika. Amenipa ruhusa niandike alivyonijibu.

"Alijua, binti yangu. Kitanda kile tulikuwa tunakitazama toka Januari, mimi na yeye. Wawili, dume na jike."

Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia.

"Aliogopa mtafurahi," alisema Mzee Abuu. "Mkifurahi mtaita watu. Mkiita watu mtafagia."

Nikamuuliza Baba alisemaje baada ya kuona nilichofanya. Mzee Abuu alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena.

"Siku ile ile nilitaka nikuite nikuseme. Akanikataza. Akasema, usimseme Beata. Mimi nilifagia kwa ajili ya wageni. Yeye kafagia kwa ajili yangu."

Ndiyo maana niliuchana ule wasifu wa kwanza. Ulisema marehemu alikuwa mpenda usafi.

Baba, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote. Miaka kumi na tisa ulisubiri, wakaja, nami nikawaondoa kwa asubuhi moja. Ulinisamehe kabla sijakuomba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jana mchana nilimpigia simu Mwanahawa, ambaye sasa ni mwalimu chuoni na ameshindwa kupata nafasi ya kusafiri. Alilia kwanza. Kisha akaniuliza kitanda kilikuwa kitupu au kilikuwa na mnyama. Nikasema kitupu. Akasema, "Dada Beata, sange hana kitanda kimoja. Kama walikuja, wana vingine karibu hapo. Msifagie." Sijui kama alisema hivyo kwa kunifariji. Nimechagua kumwamini.

Marehemu ameacha mjane, Mama Ekaristia, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na rafiki, Mzee Abuu. Aliacha pia sange wawili, dume na jike, ambao leo hatujui wako wapi.

Familia inawashukuru wote. Tuna ombi moja, na ni gumu kwa watu wa kwetu, kwa hiyo naliomba polepole. Akina mama mliokuja tangu juzi na mafagio, tunajua ni upendo. Siku ya kuanua matanga msifagie uwanja. Na kaburi hili tunalokwenda kulifukia, Baba alilichagua mwenyewe pembezoni mwa Lihangweni, chini ya miti. Tarehe mbili Novemba, siku ya Marehemu Wote, mtakapokuja kufagia makaburi ya wazee wetu, fagieni yote. Hili liacheni. Majani yakianguka juu yake, yaacheni. Mtu akiwaambia kaburi la Mbawala limetelekezwa na watoto wake, mwambieni Beata ndiye aliyeomba.

Bwana ampe Baba pumziko la amani, chini ya majani, pasipo mtu wa kuyafagia.